JE, BASTOLA NDOGO YATOSHA?



Wakati wa mavuno ya mpunga uliopita alitujia mfanyabiashara mmoja wa hapa Mchombe, mtu mcha Mungu, mwenye mke na watoto, anayenunua mpunga mashambani na kuusafirisha hadi Ifakara. Alitaka tumwandikie barua ya kuthibitisha tabia yake njema, apate kuiambatanisha na maombi ya kibali cha kumiliki bastola. Hakutaka kubwa. Alikwisha kuulizia, akaambiwa kwamba ziko ndogo za kutia mfukoni, zenye risasi nyembamba ya milimita 6.35, au ile iitwayo "pointi ishirini na mbili". Swali lake lilikuwa moja tu: "Padre, hiyo ndogo yatosha kwa kujilinda, au nijikaze ninunue kubwa?"

Tulikataa kuiandika barua hiyo. Tangu siku ile maneno yamezagaa kwamba mapadre hawajali mali wala uhai wa waamini wao. Yatupasa basi kujibu hadharani, tena tuanze na swali lake lenyewe, kwa maana ni swali la mtu mwenye hofu ya kweli, wala si la kuchekwa.

Bastola ndogo haitoshi. Twasema hivyo si kwa sababu ya udhaifu wa risasi yake. Risasi ile huua. Seneta Robert Kennedy wa Marekani alipigwa kwa bastola ya pointi ishirini na mbili mjini Los Angeles usiku wa manane tarehe 5 Juni 1968, akafariki siku iliyofuata, baada ya saa zaidi ya 24. Hapo ndipo penye fumbo ambalo wauza silaha hawalielezi. Anayejilinda hahitaji adui afe kesho hospitalini. Ahitaji adui asimame sasa hivi, na risasi ndogo haimpi ahadi hiyo.

Je, kubwa yampa? Tarehe 11 Aprili 1986 mjini Miami, makachero wanane wa FBI, watu waliofundishwa kazi na kulipwa kwa kazi hiyo, walipambana na majambazi wawili. Mmoja wa majambazi hao alipigwa mapema kwa risasi ya milimita 9, ambayo si ya kitoto. Ilipenya hadi pafuni, ikaishia karibu na moyo. Mtu yule aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Makachero wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Uchunguzi wa shirika hilohilo uliotolewa mwaka 1989 ulikiri kwamba hata moyo ukiharibiwa kabisa, oksijeni iliyomo ubongoni yaweza kumwezesha mtu kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Sekunde 15! Panga hushuka mara ngapi katika muda huo? Naye askari polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, alipima mwaka 1983 akaona kwamba mtu mwenye kisu aliye umbali wa mita sita hivi humfikia mwenzake kwa sekunde moja na nusu. Ni muda ambao askari mwenye mazoezi ndiyo kwanza anachomoa silaha na kufyatua. Mfanyabiashara wetu, ambaye hajapata kufyatua hata gobore, atachomoa nini, tena gizani, akiwa amelala, na watoto wako chumba hichohicho? Risasi iliyomkosa mwizi haimkosi kila mtu. Mlango wa mbao na bati la jirani havina uwezo wa kuizuia.

Lakini kuna jambo zito kuliko hayo. Silaha huwaita wenye kuitaka. Usiku wa tarehe 12 Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa na watu waliofuata bunduki. Waliuawa watu saba, askari wanne miongoni mwao, na silaha zikachukuliwa. Kama bunduki za kituo cha polisi, mikononi mwa askari, ziligeuka kuwa sababu ya kuvamiwa, bastola iliyo chini ya mto wa mnunuzi wa mpunga itakuwa ulinzi kwa miujiza gani? Kijijini hakuna siri. Siku utakapoileta, dukani watajua, kilabuni watajua, na yule ambaye jana alitamani fedha zako tu, leo atatamani vitu viwili.

Tulipomweleza hayo alitujibu kwa uchungu: "Ninyi mna ukuta, mna mlinzi, mna mbwa." Ni kweli. Neno hilo limetuchoma, wala hatuna jibu zuri la kulirudisha. Mlinzi wetu ana rungu, tochi na filimbi tu, lakini ukuta ni ukuta, na wengi wenu mnalala bila ukuta. Twaungama kwamba ni rahisi kuhubiri utulivu ukiwa nyuma ya lango.

Hata hivyo tusisingiziwe kwamba twafundisha watu kukaa kama kondoo wa kuchinjwa. Kanisa halijapata kukana haki ya kujilinda. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliifafanua katika karne ya 13, na Katekisimu ya mwaka 1992 imeirudia: mtu aweza kuutetea uhai wake, kwa nguvu isiyozidi kiasi kinachohitajika, na mwenye dhamana ya maisha ya wengine ana hata wajibu wa kuwalinda. Lakini haki ya kujilinda si haki ya kila mtu kununua mtutu. Baraza la Kipapa la Haki na Amani, katika waraka wake wa mwaka 1994 juu ya biashara ya silaha, lilizitaka serikali zidhibiti vikali uuzaji wa bastola na silaha ndogondogo, likasema kwamba kuuwekea mipaka hakumdhulumu mtu yeyote haki yake. Tanzania nayo inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sisi tulioombwa kutia saini hatuwezi kujifanya karani asiyesoma anachokitia saini.

Nao mitume waliliuliza swali hilihili. Someni Luka, sura ya 22. Walihesabu panga walizokuwa nazo, wakapata mbili, wakamwonyesha Bwana. Naye alilikata neno. Saa chache baadaye upanga mmoja ulitumika, na kazi yote uliyoifanya ni kukata sikio la mtumishi, mtu mdogo aliyetumwa tu. Kazi ya mwisho ya mikono ya Yesu kabla haijafungwa ilikuwa kuliponya sikio hilo.

Sisi wa bonde hili tulipaswa kuwa wagumu kudanganyika. Tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, wakiamini kwamba maji ya dawa yangezigeuza risasi kuwa maji. Bunduki za mtombo ziliwafyeka. Hatuwacheki wazee wetu. Walipigania nchi yao. Lakini waliyemwamini aliwauzia uhakika ambao hakuwa nao. Mwenye kumwambia mnunuzi wa mpunga kwamba akiwa na kitu hiki mfukoni hatadhurika, anamwuzia maji yaleyale katika chupa ya chuma.

Tena tusijidanganye kwamba silaha hiyo itangoja majambazi tu. Bonde letu lina mashamba, lina mifugo, lina mipaka inayobishaniwa. Katika mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, kule Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa Desemba 2000 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Katika ugomvi wa namna hiyo kila upande hujiita mwenye kujilinda. Mkulima akinunua bastola kwa ajili ya mwizi, mfugaji atasikia kwamba imenunuliwa kwa ajili yake.

Nini basi kifanyike? Kinachowindwa ni fedha taslimu. Tangu mwaka 2008 huduma ya M-Pesa imekuwapo nchini, na bado tunawaona wanunuzi wakipita na mifuko ya noti kama wakati wa babu zao. Mkulima anakataa kulipwa kwa simu kwa sababu ya makato. Basi mnunuzi aongeze makato hayo kwenye bei, yatamgharimu kidogo sana kuliko bastola na risasi zake. Wasafiri kwa pamoja, wala si mmojammoja usiku. Na juu ya hayo yote, tuwadai wanaopaswa kudaiwa. Ushuru wa mpunga unatozwa kila gunia. Mwenye kutozwa ana haki ya kuona doria barabarani kuelekea Ifakara miezi ya mavuno. Tumekwisha kuandika barua kwa wahusika kuomba hilo, na nakala imebandikwa mlangoni pa kanisa. Nafasi ya saini ni kubwa, saini zilizopo ni 11.

Ya mfanyabiashara wetu haimo. Tulipokwenda kwake Jumapili jioni alitukaribisha chai, akaisoma barua yote, akauliza kama wakubwa wataijibu kabla ya mavuno yajayo. Tulimwambia hatujui. Akasema atafikiri.