Gitaa Fupi Lipimwe Kwanza



Mavuno yakiisha na fedha za mpunga na pamba zikiingia nyumbani, vijana wa kwaya huanza kuwasumbua wazazi kwa jambo lile lile: gitaa la umeme. Siku hizi waomba hasa lile dogo, la kubebwa mgongoni kwenye pikipiki, la kujifunzia nyumbani na kwenda nalo kigangoni. Mzazi mmoja wa hapa Masumbwe aliuliza kama yampasa kuuza mbuzi watatu kwa ajili ya kitu cha kuchezea watoto. Swali lake ni la haki, kwa maana mbuzi akishauzwa harudi, na gitaa baya nalo ni taabu kulirudisha dukani.

Kwanza tuondoe dhana kwamba gitaa fupi ni la kuchezea tu. Mwaka 1956 kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa Musicmaster na Duo-Sonic, yenye uzi wa inchi 22 na nusu, kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 1964 ikaongeza Mustang. John Lennon wa Beatles alinunua Rickenbacker 325 mjini Hamburg mwaka 1960, lenye uzi wa inchi 20 na robo tatu tu, na mwaka 1964 akalipiga katika televisheni ya Marekani mbele ya mamilioni ya watu. Na wazee wanaonung'unika kwamba gitaa la umeme ni jambo la ugenini, wakumbuke Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega. Nzega si mbali.

Kwa upande wa Kanisa, hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya tarehe 4 Desemba 1963, yaruhusu ala nyingine zaidi ya kinanda ziingie ibadani kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi zifae. Basi Baba Paroko aulizwe kabla mbuzi hawajafika mnadani.

Sasa tuje kwenye kupima. Gitaa halipimwi toka kichwa hadi mkia. Hupimwa ule uzi unaotikisika, toka kijino cheupe kilicho mwanzo wa shingo mpaka darajani. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima toka kijino hicho hadi chuma cha 12 cha shingoni, kisha zidisha mara mbili. Fender la kawaida litakupa inchi 25 na nusu. Squier Bullet Mustang ni inchi 24, Squier Mini Stratocaster ni 22 na robo tatu, na Ibanez Mikro ni 22 na kidogo. Kwenye gitaa refu nafasi ya kwanza shingoni ina upana wa milimita 36 hivi, na kwenye lile la inchi 22 na robo tatu ni 32. Tofauti yaonekana ndogo, lakini mwulize mtoto wa miaka 10 anayejaribu kutandaza vidole vinne kwa mara ya kwanza.

Kwa maoni yangu, inchi 22 zimfae mtoto. Kijana aliyekomaa vidole kwa kushika sururu maduarani ataona vyuma vya juu vimesongamana mno. Huyo atafute la inchi 24, ambalo pia halitampa shida siku atakapokabidhiwa gitaa kubwa la kwaya.

Lakini ufupi una gharama yake. Uzi mfupi, ukipatanishwa kwa sauti ile ile, hulegea. Kwenye inchi 22 na robo tatu mvuto hupungua kwa sehemu moja ya tano hivi kuliko kwenye 25 na nusu. Vidole vya mwanafunzi haviumi sana, ndiyo, ila akikandamiza kwa nguvu sauti hupanda, na nyuzi nene hugongagonga vyuma. Dawa yake ni nyuzi namba 11 mahali pa namba 9 au 10. Namba hiyo ni unene wa uzi wa kwanza katika sehemu elfu za inchi, na namba 11 kwenye gitaa fupi hukaribia mvuto wa namba 10 kwenye refu.

Yapo pia magitaa ya safari ambayo uzi wake haukufupishwa ila kichwa ndicho kilichokatwa. Traveler Ultra-Light ni la namna hiyo, uzi wake inchi 24 na robo tatu. Ni werevu mzuri, lakini angalia nyuzi. Baadhi, kama Steinberger Spirit, yalitengenezwa kwa nyuzi zenye kifundo ncha zote mbili. Usinunue kabla hujajua nyuzi hizo utazipata wapi.

Dukani, rangi isikudanganye. Gusa uzi kwa wepesi juu ya chuma cha 12 bila kuukandamiza, uupige. Itatoka sauti kama ya kengele. Kisha ukandamize pale pale, upige tena. Sauti hizo mbili zapasa kuwa moja. Ile ya pili ikiwa juu, kijidaraja cha uzi huo kirudishwe nyuma kwa bisibisi. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kama hakina tena nafasi ya kusogea, liache gitaa hilo, maana halitapatana na kinanda cha kwaya kamwe.

Wala fedha zote zisiishie kwenye gitaa. Gitaa la umeme bila kikuza sauti husikika na mpigaji peke yake, jambo ambalo usiku ni baraka kwa bibi aliyelala chumba cha pili, lakini kigangoni halisaidii. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye redio, sauti huwa hafifu na butu. Zingatia kikuza sauti kidogo cha betri, chenye tundu la hedifoni, na waya imara.

Safarini gitaa likae kwenye begi lenye sifongo, miguuni mwa mwenyewe, si kwenye buti la basi penye joto la injini. Nyuzi zitahama kidogo njiani, basi mpigaji afike mapema kabla ya Misa azipatanishe. Uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko wote na hukatika upesi. Awe na wawili wa akiba mfukoni mwa begi, pamoja na koleo dogo la kukatia ncha.