Pumzi ya Mkulima na Kipimo cha Hila



Mkulima akipimiwa mahindi kwa debe lililobonyea, sote twaita wizi. Je, akipimiwa hewa kwa hila, tutaitaje?

Ardhini hutoka gesi iitwayo radoni. Huzaliwa na urani iliyomo, kwa wingi au kwa uchache, katika miamba na udongo. Haionekani wala hainuki. Mwaka 1988 wataalamu wa kimataifa waliiweka miongoni mwa visababishi vya saratani. Na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri isizidi bekereli 100 katika kila mita ya ujazo ya hewa ya nyumbani.

Lakini gesi hii haina kiwango kimoja. Mchana, milango ikiwa wazi na upepo ukivuma, hupungua. Usiku wa kipupwe, nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya Hanang hujifungia kwa baridi. Moto wa jikoni hupasha hewa, hewa hiyo hupanda na kutokea paani, nayo nyumba huvuta hewa ya ardhini kupitia sakafu ya udongo na nyufa zake. Wakati wa masika, udongo wa nje ukilowa, gesi hukimbilia pakavu, chini ya nyumba. Nao Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima ili kujihami: pale ambapo ardhi ndiyo ukuta, njia ya gesi ni pana zaidi.

Kwa hiyo twasema wazi: mtaalamu akifika saa sita mchana wakati wa kiangazi, akapima dakika chache na kuandika kuwa hali ni salama, hakupima nyumba ya mkulima. Amepima mlango uliofunguliwa kwa heshima ya mgeni.

Tutaambiwa kwamba maskini anahitaji kwanza maji na dawa. Ni kweli; lakini tangu lini haki moja ikawa sababu ya kunyimwa nyingine? Vipo vipimo vidogo vya plastiki, visivyohitaji umeme, vinavyoachwa chumbani kwa miezi mitatu, usiku na mchana. Tume ya Nguvu za Atomiki makao yake yalianzia Arusha, jirani yetu.

Hatuenezi hofu. Kiwango kikiwa kidogo, tutamshukuru Mungu. Kikiwa kikubwa, madirisha na sakafu isiyo na nyufa vyaweza kukipunguza. Twadai nyumba zipimwe masika na kipupwe, na majibu yasomwe katika mkutano wa kijiji, yasifungiwe kabatini. Pumzi ni mali ya anayeivuta.