Sukari Ikishuka Yenyewe, Tusiharakishe Kufurahi

Mwezi huu tuzungumze juu ya sindano ya insulini na figo, maana kila tunapotembelea wagonjwa majumbani huulizwa swali lile lile: "Je, si sindano hiyo ndiyo inayoua figo?"

Siku moja, karibu na Wete, tulimkuta bibi mmoja aliyeugua kisukari kwa miaka mingi. Wanawe walitupokea kwa furaha. Sukari iliyokuwa ikiwasumbua sasa ilikuwa inashuka yenyewe. "Mama amepona," walisema. Lakini usiku uliotangulia aliamka akitetemeka, amelowa jasho, hata wajukuu hawatambui. Miguu yake ilikuwa imevimba. Tukawasihi wampeleke hospitali siku ile ile. Vipimo vilionyesha kwamba figo zimechoka.

Ilikuwaje basi? Insulini hutengenezwa na kongosho, nayo husaidia sukari itoke kwenye damu iingie mwilini kufanya kazi. Mwili wa mgonjwa ukiikosa, huletewa kwa sindano. Ikisha kufanya kazi yake, ini na figo huivunja na kuiondoa. Ile ya sindano hutegemea figo zaidi. Figo zikichoka, insulini hukaa mwilini muda mrefu, na kipimo cha jana leo kinakuwa kikubwa mno. Tena mgonjwa wa figo hupoteza hamu ya kula. Hapo sukari hushuka kupita kiasi, na hatari hii ni ya haraka. Baadhi ya vidonge vya kisukari huleta shida hiyo hiyo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: insulini haiui figo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Vinavyoviharibu ni sukari iliyopanda kwa miaka, pamoja na presha. Sindano, ikitumiwa vizuri, huvilinda. Tukumbuke pia kwamba kabla ya mwaka 1922, mvulana wa miaka 14 alipodungwa insulini huko Toronto, Kanada, mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini hakuwa na tumaini la kuishi.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tujue dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kusema ovyo. Mgonjwa akiweza kumeza, apewe maji yenye sukari vijiko 3 au 4 vya chai. Baada ya dakika 15, akiwa bado, arudie, kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

2. Sukari ikianza kushuka mara kwa mara bila sababu, tumwone daktari. Tusiache sindano wenyewe wala tusipunguze kwa kubahatisha.

3. Mkojo na damu vipimwe kwa ajili ya figo kila mwaka, na presha kila anapokwenda kliniki. Figo huharibika kimya kimya. Uvimbe unapoonekana, mara nyingi tumekwisha kuchelewa.

4. Tuwe waangalifu na dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni, na mitishamba tusiyoijua. Nyingi huumiza figo.

5. Majirani zetu wanaofunga Ramadhani, kama wanatumia insulini, wamwulize daktari mapema kabla ya mwezi kuandama.

Tukipuuza, mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Mama wa watoto atapata wapi nauli na nafasi hiyo?

Yule bibi daktari hakumwachisha sindano, alimpunguzia kipimo. Akapewa na dawa ya presha. Figo zake hazitarudi kuwa kama zamani, wala hatukuwaficha wanawe jambo hilo. Lakini mara ya mwisho tulipopita, tulimkuta uani, mkekani, akichambua karafuu pamoja na wajukuu, na majina yao wote anayajua. Kando yake palikuwa na kikopo cha sukari na kijiko ndani.

Mama mwenzetu, kwako je, kikopo hicho kipo?