Kofia ya mtawala na kichwa cha raia

Ndugu zangu katika imani, leo tutazame jambo ambalo wengi hulidharau: kofia anayoivaa mkuu wa nchi akiwa madarakani.

Mzee Jomo Kenyatta alitambulika kwa kofia ya shanga, Mobutu Sese Seko kwa ile ya ngozi ya chui, na Alhaji Ali Hassan Mwinyi, aliyeiongoza Tanzania kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, kwa barakashia. Mtu kuchagua cha kuvika kichwa chake si kosa, awe mtawala au mvuvi. Balaa huingia pale kofia ya mkubwa inapogeuzwa amri juu ya vichwa vya wengine.

Mwezi Agosti 1925 Mustafa Kemal, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uturuki, alizuru mji wa Kastamonu akiwa na kofia ya pama, akawaambia watu kwamba hilo ndilo vazi la walioendelea. Tarehe 25 Novemba mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kofia, na tarbushi ikapigwa marufuku. Watu waliandamana katika miji kama Rize na Erzurum, na baadhi yao wakanyongwa. Sheikh Atif wa Iskilip alikuwa ameandika kijitabu cha kukosoa uigaji wa Wazungu na kofia zao, tena kabla ya sheria yenyewe kuwapo. Hilo halikumwokoa. Alinyongwa mjini Ankara tarehe 4 Februari 1926.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Tarbushi ile ambayo watu waliitetea kama alama ya Uislamu ilikuwa nayo imeletwa kwa amri. Sultani Mahmud wa Pili ndiye aliyewalazimisha watumishi wa dola kuivaa mwaka 1829 badala ya vilemba, na wakati huo walikuwapo walioichukia kama uzushi. Haikupita hata karne moja, wajukuu wao wakawa tayari kuifia!

Wanazuoni waliopinga kofia ya Kizungu hawakuwa wajinga, kama wanavyosimuliwa na baadhi ya wasomi wetu. Walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni ile Hadithi aliyoipokea Abu Daud kuhusu kujifananisha na watu wengine. Ya pili ni ya kila siku zaidi: kofia yenye ukingo huzuia paji la uso lisifike chini wakati wa kusujudu. Kwa maoni yangu hoja hii ya pili haina uzito mkubwa, kwani kofia huvuliwa. Lakini anayekuvika kwa lazima kofia ya namna hiyo, tena baada ya kukuvua uliyozoea kuswali nayo, anakufikishia ujumbe hata kama hakutamka neno. Nchini Iran, Reza Shah alipowalazimisha wanaume kuvaa kofia ya Kizungu mwaka 1935, watu walikusanyika kupinga katika msikiti wa Goharshad mjini Mashhad. Askari waliwamiminia risasi humo humo msikitini, mwezi Julai.

Sasa tulinganishe na Indonesia. Juni 1921, mjini Surabaya, kijana Sukarno, mwenye miaka 20, aliingia katika mkutano wa vijana wasomi akiwa amevaa peci, kofia nyeusi isiyo na ukingo. Wasomi wale waliionea haya, wakiihesabu kuwa ni vazi la watu wa chini. Yeye aliivaa kwa sababu hiyo hiyo, na hakuiacha alipokuwa rais kuanzia mwaka 1945 hadi 1967. Marais wanaume waliomfuata wamepigwa picha zao rasmi wakiwa nayo, na hata viongozi Wakristo huivaa katika hafla za kitaifa. Mtu asiyeipenda hutembea kichwa wazi katika barabara za Jakarta, na hakuna askari anayemsimamisha.