Pesa ya Krismasi Imefika, Mwenyewe Je?

Ukimtumia mtu pesa kwa M-Pesa, jina linalomfikia ni lile uliloandikisha nalo laini. Huwezi kulificha. Kuna mrembo mmoja wa Nairobi, wale wa vidio za mapodoa, ambaye kila Desemba hutuma pesa ya sukari, mchele na mafuta nyumbani kwao upande wa Kakamega. Mtandaoni watu wanamjua kwa jina la kike alilojichagulia. Kwa simu ya mamake, pesa inaingia ikiwa na jina la mvulana. Mathe anajibu, "Asante, Mungu akubariki." Hapo hakuna shida. Shida huanza mwenye pesa akitaka kuja na miguu yake.

Mrembo huyu ni transjenda. Alizaliwa akaandikwa mvulana, lakini tangu utotoni anajijua msichana. Watu hupenda kuchanganya hii na huntha, yaani mtu aliyezaliwa na mwili usio wa kike kabisa wala wa kiume kabisa. Wengine wanadhani ni mambo ya nani anampenda nani. Hayo ni mambo tofauti. Hii ni kuhusu yeye ni nani, hata akiwa peke yake chumbani taa imezimwa.

Kwa miaka mitatu hakuonekana ushago. Desemba iliyopita mamake akampigia: "Kuja Krismasi, watu wote watakuwa. Lakini ukuje vizuri."

Kila mtu aliyelelewa kwa boma anajua uzito wa hilo neno "vizuri". Maana yake fumua hizo rasta, kata kucha, tafuta suruali, wageni wasianze kuuliza maswali.

Na mara ya mwisho alikuwa ameenda vizuri kweli. Alinyoa nywele, akaazima shati na suruali ya rafiki, akakaa siku nne. Kwenye picha ya familia amesimama mwisho kabisa, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja matatu. Kila mtu alisema Krismasi ilikuwa tamu. Aliporudi mjini alizima simu wiki nzima, na ilimchukua miezi kujiangalia kwa kioo bila kukasirika. Ilikuwa tamu kwa wote isipokuwa yeye, na mbuzi alilipia yeye.

Wasee wa mtandaoni wana dawa mbili kwa mtu kama huyu. Kundi la kwanza linasema aache ujinga wa mjini, arudi kuwa mwanamume. Hilo linajulikana. Kundi la pili linajiita marafiki, na linasema: vaa gauni, ingia katikati ya sherehe, asiyetaka ahame. Inasikika tamu sana. Lakini hao marafiki hawatakuwa pale usiku mjomba akishalewa. Hawalipi nauli, na hawatamfungulia mlango akifukuzwa saa tano usiku kwenye matope.

Ukweli ni kwamba kujikubali sio kuingia bomani na ngoma. Ni kuacha kujidanganya wewe mwenyewe, halafu kupanga maisha kutoka hapo, polepole kama utakavyoweza. Mtu anaweza kujikubali akiwa kwao kijijini. Anaweza pia kujikubali akiwa kwa bedsita Nairobi, na marafiki watatu wakisukuma chapati tarehe 25. Kukosa kwenda mahali ambapo utapigwa sio uoga, ni akili. Kinachomaliza mtu ni kwenda ukiwa mtu mwingine, halafu unaita hiyo amani ya familia.

Watu wa nyumbani nao wana kisingizio chao: "Hatuwezi kumwita vingine, ulimi umezoea." Ulimi gani sasa? Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Amekuja, amekula, amelala, basi. Kiluhya ni hivyo hivyo, Kijaluo pia. Mtoto, mjukuu, mgeni, jirani: hakuna hata neno moja hapo linalouliza mtu ana nini ndani ya nguo. Wanaoongea Kiingereza ndio wana kazi ya kurekebisha kila sentensi. Huku kazi kubwa ni jina, na majina hubadilika kila siku. Mtu akibatizwa anapata jina, akisilimu anapata jina, akizaa anaitwa Mama Fulani na lile la zamani linasahaulika. Hata korti imeshaliangalia jambo hili. Mwaka wa 2014, Mahakama Kuu Nairobi iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha KCSE cha mwanaharakati mmoja transjenda. Kama cheti cha serikali kinaweza kubadilishwa, ulimi wa shangazi utashindwaje?

Basi mrembo alifanya nini? Hakwenda tarehe 24, nauli ikiwa juu na boma limejaa. Kwanza alimpigia nyanyake, yule anamwita Kukhu, akamwambia ukweli kwa sentensi tatu. Kukhu akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa huko unakula?"

Alisafiri tarehe 27. Alivaa dera, rasta zake kichwani, nauli ya kurudi ameiweka kando, na rafiki mmoja mjini anajua amepanda gari gani.

Haikuwa sinema. Mjomba hakumsalimu. Mamake hakumwangalia machoni siku nzima. Jioni kuku akaletwa, na kwa Waluhya firigisi ni ya wanaume. Mjomba akauliza kwa sauti, "Na huyu apewe firigisi ama asipewe?" Watu wakacheka. Kukhu akachukua sahani, akaweka ugali na paja, akasema, "Mjukuu wangu apewe chakula." Kicheko kikaisha. Hakuna aliyeomba msamaha, lakini pia hakuna aliyeuliza tena.

Alikaa siku mbili akarudi. Safari hii hakuzima simu.

Januari akatuma pesa ya karo ya mdogo wake. Jina lililoingia kwa simu ya mamake ni lile lile la zamani, maana kitambulisho bado hakijabadilishwa. Mamake bado hajawahi kutamka jina jipya, na pengine itachukua miaka. Lakini jibu lake siku hiyo lilikuwa: "Asante mtoto wangu."

Hiyo ndiyo Krismasi inayowezekana kwa wengi, na inaanza na mtu kukataa kwenda akiwa amejificha. Zilizobaki ni za familia. Desemba itarudi tena, grupu la WhatsApp litaanza kuchangisha, na kuna mtu mnamjua ambaye mchango wake huingia wa kwanza lakini yeye hamumuoni. Kama pesa yake inaliwa hapo nyumbani, awekewe na sahani. Na mjomba akianza maswali yake, aambiwe anyamaze, chakula kinapoa.