Cheti cha Mtoto na Muhuri wa Chifu

Kuna haki ambazo mwananchi huzijua siku anapozikosa, na cheti cha kuzaliwa ni mojawapo. Mzazi hakihangaikii mtoto akiwa mgongoni. Hukikumbuka siku mwalimu mkuu anapomweleza kwamba jina la bintiye haliwezi kupelekwa kwa watahini, au siku kijana anapotimiza miaka kumi na minane na kuambiwa kwamba pasipo cheti hakuna kitambulisho. Na pasipo kitambulisho hawezi kujiandikisha kupiga kura, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala hakutani na polisi usiku kwa amani.

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanaukumbuka uchaguzi wa Desemba 1992. Kifungu cha 2A cha Katiba kilikuwa kimefutwa mwaka mmoja kabla, vyama vingi vimeruhusiwa, na bado vijana wengi mno walibaki nje ya daftari la wapiga kura kwa kukosa vitambulisho. Hakuna aliyewatangazia kwamba wamenyimwa kura. Waliambiwa tu warudi wiki ijayo. Ndiyo sababu tunaitazama meza ya karani wa vizazi na vifo kwa jicho lile lile tunalolitazamia sanduku la kura.

Ubaguzi katika jambo hili ni wa kale. Usajili wa vizazi ulianzishwa na Waingereza mwaka wa 1904, nao ulikusudiwa wageni wao. Mtoto wa mlowezi aliandikwa alipozaliwa. Mwafrika aliandikwa alipokuwa mtu mzima, akachukuliwa alama za vidole na kuvishwa kipande shingoni ili asitoroke kazi. Hadi mwaka wa 1971, miaka minane baada ya uhuru, ndipo sheria ya kuandikisha kila kizazi ilipoenea nchi nzima.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa, na inafaa kila mzazi aujue kabla ya kufika dirishani. Mtoto akizaliwa hospitalini, hospitali ndiyo inayojaza taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, kazi hiyo ni ya naibu wa chifu wa kata ndogo. Mzazi hupewa kipande cha taarifa hiyo, na kwa kipande hicho huomba cheti. Haya yafanyike kabla ya miezi sita kupita. Ikipita, usajili huhesabiwa kuwa umechelewa, na hapo ndipo yanapotakiwa makaratasi mengine: kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo, barua ya shule, vitambulisho vya wazazi. Ieleweke pia kwamba cheti ni nakala tu ya yale yaliyomo katika daftari la msajili, iliyothibitishwa kwa sahihi na muhuri. Cheti kikiungua au kikiliwa na mchwa, daftari halikuungua. Mjane anayeambiwa aanze upya kana kwamba mwanawe hakuzaliwa anapotoshwa; anachohitaji ni kuomba nakala nyingine.

Na ofisi hii si ya gavana wala ya diwani. Ni ya Serikali ya Kitaifa, kwa hiyo malalamiko yapelekwe huko, wala wanasiasa wa kaunti wasitudanganye kwamba wanatugawia vyeti.

Ugumu uko njiani. Mama aliyejifungulia kwa mkunga humkuta naibu wa chifu hayupo, au fomu zimekwisha, au anaombwa kitu kidogo ili muhuri upatikane. Mwaka wa 1997 Bunge lilipunguza mamlaka makubwa ya chifu tuliyoyarithi kwa mkoloni. Muhuri wake haukupunguzwa. Tunakiri kwamba kuomba kwa eCitizen na kulipa kwa simu kumepunguza noti zinazopita chini ya meza. Lakini mama asiye na simu ya kisasa humlipa kijana wa kompyuta sokoni kwanza, kisha nauli, kisha siku nzima ya kibarua. Ada yenyewe ilikuwa shilingi 50 kwa muda mrefu, na Novemba 2023 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi 200. Kwa mwenye mshahara hizo ni pesa za chai. Kwa mama wa watoto watano ni shilingi elfu moja kabla hajapanda matatu.

Wako wanaoumizwa zaidi. Kwa miaka mingi mama asiyeolewa alipewa cheti chenye alama za X mahali pa jina la baba, kwa kuwa kifungu cha 12 cha sheria ya usajili kilitaka baba akubali au ndoa ithibitishwe. Mei 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mama anayefukuzwa dirishani kwa sababu hiyo ana hukumu ya mahakama upande wake. Watoto wa Kinubi nao, ambao babu zao waliletwa hapa kama askari wa Mwingereza, walilazimika kufika mbele ya Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto, ambayo Machi 2011 iliamua kwamba Kenya imevunja haki yao ya uraia kwa kuwaacha wangoje hadi umri wa kitambulisho kisha wapigwe msasa. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka wa 2016 kudai vitambulisho. Hawa ni wazaliwa wa nchi hii, na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa.

Kwa waumini tuna ombi. Daftari la ubatizo limewaokoa wengi waliochelewa, basi litunzwe vyema. Makatekista na jumuiya ndogo ndogo waulize habari za kipande cha taarifa mapema, mtoto akiwa bado mchanga, na wahakikishe jina linaandikwa namna moja kliniki, kanisani na shuleni, kwani herufi moja iliyokosewa humrudisha mtu ofisini mara tatu. Asinyimwe mtu ubatizo kwa ajili ya karatasi! Na majirani Waislamu, na wasio na dini, wasaidiwe vile vile.

Kwa wasajili tunataka ada halali ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, penye kusomeka. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mwananchi aliyekataliwa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Anayeambiwa arudi kesho aziombe sababu hizo pale pale, aandike tarehe na cheo cha aliyemhudumia, na nakala aipeleke kwa kamati ya haki na amani ya parokia yake.