Dakika 26 Hadi Stockholm? Acheni Kutudanganya!

Jamani, wanaprogramu wenzangu, kuna uongo mmoja umenichosha. Ziko tovuti za kukokotoa umbali ambazo ukiziuliza kuhusu Helsinki na Stockholm zinakujibu bila haya: kilomita 396, muda wa ndege dakika 26. Dakika 26!

Na umbali sina ugomvi. Kutoka mji hadi mji, kwa mstari wa moja kwa moja, ni kama kilomita 396 kweli. Lakini hizo dakika zimetoka wapi? Mtu amegawanya 396 kwa 900, mwendo wa ndege kubwa ikiwa imeshafika juu, akaona kazi imeisha. Kwani ndege huanza kukimbia kilomita 900 kwa saa ikiwa bado inapakia abiria? Lazima itembee hadi njia ya kurukia, ipande, ishuke, kisha iende kuegesha. Safari fupi kama hii ni kupanda na kushuka tu. Ndiyo maana ratiba huitengea karibu saa moja. Tena uwanja wa Arlanda uko karibu kilomita 40 nje ya Stockholm.

Kosa la pili ni saa. Ufini iko saa moja mbele ya Uswidi mwaka mzima. Ndege ikiondoka Helsinki saa mbili asubuhi, ikasafiri saa moja, itatua Stockholm saa mbili asubuhi ile ile! Programu inayotoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kujali kanda za saa itasema safari imechukua dakika sifuri. Wakati wa kurudi itasema saa mbili. Hifadhidata ya kanda za saa inapatikana bure, na IANA inaitunza tangu 2011. Kisingizio ni kipi?

Kosa la tatu linatuhusu hasa sisi wa huku ikweta. Hapa digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111, sawa na ya latitudo. Basi mtu anatumia kanuni ya Pythagoras, anaijaribu Nairobi hadi Mombasa, anapata kama kilomita 440, jibu sahihi, anashangilia. Ipeleke hesabu hiyo hiyo Helsinki uone. Kwenye digrii 60 kaskazini, digrii ya longitudo ni nusu tu, karibu kilomita 56. Programu yako itakupa zaidi ya kilomita 760! Tumia fomula ya haversini, ndugu yangu. Ni mistari michache tu.

Najua nitaambiwa, "Hayo ni makadirio tu." Sawa, basi andika neno makadirio, na uongeze angalau nusu saa ya kupanda, kushuka na kutembea uwanjani. Msafiri anayeamini dakika 26 anaweza kununua tiketi mbili mbalimbali zilizokaribiana mno. Akiachwa na ndege ya pili, hasara ni yake. Wewe uliyeandika namba hiyo hutalipa hata senti.

Kama huna ratiba ya kweli, onyesha kilomita peke yake, na sehemu ya muda iache wazi. Nawe msafiri, muda wa ndege utafute kwenye ratiba ya shirika lenyewe.